Nusu ya Shamba Kando ya Reli

Mwaka aliokufa baba nilikuwa na miaka kumi, na shida zetu zilianza hata kabla watu wa matanga hawajaondoka. Wenzangu wa rika langu wanajua mambo yalivyokuwa. Nyumba ya Makongeni ilikuwa ya mfanyakazi wa reli. Mfanyakazi akiisha, nyumba nayo imeisha. Tukatoa vitanda viwili, meza, sufuria na jiko la makaa, tukahamia chumba cha nyuma kwa Mama Zainabu, ambaye mume wake alikuwa akipaka mabehewa rangi na ambaye hakutuuliza tutakaa mpaka lini. Tulikuwa watatu: Mama, dada yangu Njoki, na mimi.

Niseme mapema kwamba sikusoma. Niliishia darasa la nne. Nimeuza nafaka zaidi ya miaka arobaini, na watu wenye digrii huja ghalani kwangu kuniuliza kama mahindi yamekauka vizuri, nayaingizia mkono, nanusa, nawaambia. Kwa hiyo darasa la nne halinitii haya. Haya yangu iko kwingine, na nimeificha muda mrefu kuliko nilivyofanya biashara.

Kilichoniamsha ni kitu kidogo. Nina jengo la kupangisha kule Pipeline, na nyuma yake, kati ya ukuta wangu na wa jirani, kuna kipande cha udongo nilichokiachia kamba za nguo. Siku moja baada ya mvua nilipita nikakuta Wafula, mlinzi wa jengo, mtu mzima mwenye watoto wake watatu, amekigeuza shamba. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, yamesongamana kama abiria stendi siku ya Krismasi.

"Wafula, hii nini?"

"Mahindi, Shosh. Ya kuchoma. Utakula mpaka uchoke."

"Umepanda mbegu ngapi kwa shimo?"

"Shimo gani? Nilimwaga tu. Si mvua iko?"

"Ng'oa nusu. Na hayo majani katikati yatoe yote."

Akacheka, mkono kwenye kofia. "Shosh, zii. Chakula imeshika poa hivi, unaniambia ning'oe? Na hii uchumi?"

Mimi ni mtu wa kujibu. Waulize wapangaji wangu. Lakini siku hiyo sikujibu. Ile harufu ya majani ya mahindi yaliyobanana, yenye maji ndani na joto kidogo, ilinipanda puani nikasimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Nilisahau hata kilichonileta Pipeline. Maneno aliyoyasema Wafula niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, nikiwa nimevaa sketi ya shule iliyolika pindo.

Familia za reli zilikuwa na desturi ya kulima ukanda ulioko kati ya njia ya treni na mtaro. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Kila familia ilijua mwisho wake ni kichaka gani au jiwe gani. Baba alipokufa hakuna aliyekuwa na roho ya kumnyang'anya mjane kipande chake, kwa hiyo nyumba ilienda, shamba likabaki.

Na walikuwa na namna yao ya kupanda ambayo sijaiona mahali pengine. Hawakutumia kamba. Walipima kwa mataruma, yale magogo yaliyolala chini ya vyuma vya reli. Unasimama kando ya njia, unatazama taruma, na mbele yake unaanzisha mstari. Taruma moja, mstari mmoja, mpaka mwisho wa shamba. Mataruma yaliwekwa na watu wa vipimo, Baba alikuwa akisema, kwa hiyo mahindi ya mtu wa reli hayawezi kwenda kombo. Ndani ya mstari, kutoka shimo hadi shimo, ilikuwa urefu wa patipati ya Mama, kidole hadi kisigino. Mbegu mbili au tatu kwa shimo, kwa sababu panya na ndege nao wana tumbo. Yakishaota na kufika kimo cha shubiri, unapita ukichagua: unaacha mche mmoja mnene, iliyobaki unaing'oa. Na unapalilia mara mbili, mara ya kwanza majani yangali madogo, mara ya pili kabla mahindi hayajafika kifuani.

Msimu ule tulipanda sisi watatu na vitambaa vya matanga bado vichwani. Mama alitangulia na jembe, Njoki akifuata na patipati ya kupimia, mimi nikidondosha mbegu. Mama alikuwa akihesabu gunia kabla hata ya kufukia. Shangazi yetu, dada ya Baba, alikuwa na duka Njoro na mtoto mchanga, na kwenye mazishi alisema wazi kwamba angechukua msichana mmoja wa kumlelea mtoto, amlishe na kumvisha. Mama alimjibu kwamba angefikiria. Lakini shambani alituambia sisi jibu lenyewe.

"Shamba hili Baba yenu alikuwa akitoa gunia tatu. Likinipa gunia tatu, hakuna mtoto wangu atakayebeba mtoto wa mtu mgongoni. Lisiponipa, siwezi kuwalisha wawili. Mmoja ataenda."

Njoki alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, wa kwanza darasani tangu aanze. Mwalimu wake alikuwa amekuja matangani akamshika Mama mkono na kumwambia, huyu usimguse. Mimi nilikuwa mtoto wa kuruka kamba. Nasema hivi ili mjue mapema nani alikuwa na nini cha kupoteza.

Mahindi yalipokuwa yametoa majani manne, habari ikaja kutoka Murang'a kwamba nyanya yetu ameanguka na hawezi kujigeuza kitandani. Mama akafunga nguo kwenye leso. Alituacha mikononi mwa Mama Zainabu, na kila mmoja akapewa jembe lake.

"Gawaneni shamba," alisema. "Kila mtu ashike nusu yake. Sitaki kusikia nilifikiri ni kazi ya fulani. Nikirudi macho yangu yataniambia nani alilala, na ikibidi mtu aende Njoro, aliyelala ndiye atakayeenda."

Njoki aliniachia nichague. Nilichagua upande wa daraja kwa sababu udongo wake ulikuwa mweusi na watoto walikuwa wakicheza pale. Yeye akachukua upande wa maghala. Katikati kulikuwa na jiwe jeupe la kuhesabia maili.

Siku ya kung'olea alinionyesha kwanza kwenye upande wake. Alipiga magoti, akashika mche dhaifu chini kabisa, akaupinda kidogo, ukatoka na mizizi yake myeupe. Kando yake kukawa na chungu cha miche mibichi, hai, yenye afya kuliko mimi. Ule udongo mtupu aliouacha kati ya mche na mche niliuona kama sahani iliyooshwa. Tangu Baba afe tulikuwa tukila mara mbili kwa siku, na katika akili yangu kila mche ulikuwa hindi moja. Njoki alikuwa ameketi pale akitupa chakula, mmoja baada ya mwingine, na uso wake umetulia.

"Njoki, si miche ya sukuma wiki tunaihamisha?"

"Mahindi si sukuma."

"Nani alisema?"

"Baba."

"Baba amekufa," nikamwambia.

Hakunipiga. Alinyanyuka, akakung'uta magoti, akaenda kusimama karibu na reli akinipa mgongo. Nimesema maneno mengi makali maishani, mengine kwa watu waliostahili. Hilo nalisikia bado.

Alipoenda nyumbani nilikusanya miche yote aliyoitupa nikaijaza kwenye sketi. Nikaipanda kwenye nusu yangu, kila mahali palipokuwa na nafasi, kati ya shimo na shimo, kati ya mstari na mstari. Yangu mwenyewe sikung'oa hata mmoja. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na ile miche ambayo ingepaswa kunyauka, mingi ikasimama. Nilikuwa nikienda asubuhi kabla ya shule kuitazama. Nusu ya Njoki ilikuwa mistari myembamba na udongo mwingi. Nusu yangu ilikuwa zulia. Kutoka darajani watu walikuwa wakisema, huyu aliyelima huku ana mkono.

Mama Zainabu ndiye aliyenionya. Kipande chake kilipakana na changu. Alikuja siku moja, jembe begani, buibui limefungwa kiunoni, akasimama akitikisa kichwa.

"Binti, haya mahindi yako hayapumui."

"Yanapumua, Mama Zainabu. Ona yalivyo kijani."

"Kijani ni kijani. Mahindi kumi yanakunywa kikombe kimoja. Na hii terere yote inafanya nini hapa?"

"Ni mboga."

"Naijua ni mboga, mimi ndiye ninayeipika. Lakini inakunywa maji ya nani?"

Hapo ndipo penye ujinga wangu wa pili. Majani yaliyoota kwenye nusu yangu yalikuwa terere, manene, yenye mashina mekundu, na kila jioni nilikuwa nachuma fungu nampelekea. Tulikula kwa ugali, na mumewe alikuwa akinisifu mezani: mtoto wa marehemu analisha nyumba. Mimi, niliyezoea kusikia Njoki akisifiwa kila siku, nilikunywa sifa ile kama chai ya maziwa. Nikaona nikipalilia nitajikata mkono mwenyewe. Kwa hiyo niliacha terere isimame, na chini yake yakatambaa majani mengine, yale ya bua la zambarau ambayo ukiyang'oa na kuyaacha juu ya udongo wenye unyevu yanaota tena. Jembe langu lilikaa nyuma ya mlango.

Njoki alipalilia lake mara ya kwanza, akapalilia mara ya pili, kitabu kikiwa kimekunjwa mfukoni mwa sweta. Siku moja nilikuta amepalilia mistari miwili ya kwanza ya nusu yangu na kung'oa miche iliyozidi. Nililia kama mtu aliyeibiwa. Nilimwita mwenye wivu, nikamwambia anataka nionekane nimelala ili nipelekwe Njoro mimi.

"Nataka usipelekwe," alisema.

"Basi toka shambani kwangu."

Akatoka.

Halafu mvua ikakatika. Haikukatika sana, wiki tatu hivi, lakini zilikuwa zile wiki ambazo mahindi yanatoa mbelewele na kuanza kufunga, wakati yana kiu kuliko wakati wowote. Upande wa Njoki majani yalijikunja mchana na kufunguka jioni. Upande wangu yalijikunja hayakufunguka. Yakaanza umanjano kutoka chini, jani moja, jani la pili. Nilipopenya ndani nikakuta mabua membamba kama penseli, marefu, yakitafuta jua juu ya wenzao, na terere imesimama katikati yake imenona, haina habari. Niling'oa terere yote kwa alasiri moja, kwa mikono, nikilia, na kwa kuwa mizizi ilikuwa imeshikana, mahindi mengine yalikuja nayo. Siku mbili baadaye ilipita treni ya mizigo, ndefu, na upepo wake ukasukuma nusu yangu yote ikalala upande mmoja. Ya Njoki yalitikisika tu yakasimama.

Mama alirudi wiki hiyo. Nyanya alikuwa amezikwa. Hakuweka hata mzigo chini; alisema anataka kuona shamba, na tukafuatana wote, Mama mbele, Njoki, mimi, na Mama Zainabu nyuma na jembe lake. Alisimama kwenye lile jiwe jeupe. Akatazama upande wa maghala, mashina kama mkono wa mtoto mchanga, hindi moja au mawili kila shina, ndevu zimeanza kuwa nyekundu. Kisha akageuka upande wa daraja. Aliingia, akashika gunzi moja, akalivua maganda. Lilikuwa na punje chache zilizotawanyika, kama meno ya mzee.

"Huku ni kwa nani?"

"Kwa Njoki," nikasema.

Lilitoka kabla sijavuta pumzi. Sikulipanga. Lakini nilipolisikia limetoka sikulirudisha, na hapo ndipo dhambi ilipo, katika ule muda mfupi ambao ningeweza kulirudisha. Nilikuwa natazama miguu ya Mama, ile patipati ya kupimia, na nilikuwa naona Njoro, mahali ambapo sikuwahi kufika, pamejaa ukungu na mtoto anayelia.

Mama Zainabu alifungua mdomo. Nilimwona. Na nikaona Njoki akimtazama na kutikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

"Ni kwangu, Mama," Njoki akasema.

Mama alimgeukia. "Wewe? Mkubwa? Wewe uliyekuwa ukishika patipati nyuma ya Baba yako? Vitabu vimekula macho yako?"

"Nilizembea."

"Mtoto wa miaka kumi amesimamisha mahindi yake hivi, wewe unanionyesha uchafu huu?" Akanishika kichwa, kichwa changu mimi, akakiegemeza tumboni kwake. Nguo yake ilinuka moshi wa Murang'a. "Basi. Nilisema, na nimesema."

Tulipokuwa tukirudi, Mama Zainabu alinivuta nyuma akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Nimenyamaza kwa ajili ya dada yako. Usije ukafikiri ni kwa ajili yako."

Nitawaambia nilivyojieleza, maana mtoto hujieleza. Nilijiambia Njoki anataka kwenda. Kwa shangazi kuna duka, ndani ya duka kuna peremende na soda, na mtu mwenye akili kama Njoki hawezi kukubali kosa la mwingine bure, lazima ameona faida. Niliamini hivyo kabisa. Usiku wa mwisho alipokuwa akipanga vitu vyake nilimwomba akifika aniwekee soda. Alisema sawa.

Aliacha sare yake ya shule ili ikatwe inifae. Aliacha vitabu vyake na jina lake limeandikwa kwa wino wa buluu juu ya kila kimoja. Mama aliniambia, hivi sasa ni vyako, soma kama yeye. Shamba lilitoa gunia moja na nusu, karibu zote za upande wa maghala. Tuliyasaga kidogo kidogo. Nilikula mahindi ya Njoki mpaka Januari, na Njoki alikuwa Njoro anapika ugali wa nyumba nyingine.

Na ile nafasi niliyoiiba sikuitumia. Mwaka uliofuata nilitoroka shule nikaanza kuchoma mahindi na Mama kando ya Jogoo Road, na nilipoona nina kipaji cha kuita wateja sikurudi tena. Mama hakunilazimisha. Kutoka mahindi ya kuchoma nikaenda kwenye nafaka ya kupima kwa kopo la gorogoro, kutoka gorogoro nikaenda kwenye debe, kutoka debe kwenye gunia. Nilifanya kazi mpaka mgongo ukapinda. Hilo siliombei msamaha kwa mtu, nililifanya na mikono hii. Lakini Njoki alikuwa amepangiwa awe mtu mwingine kabisa. Shangazi alisema mwaka mmoja; ikawa mitatu, mtoto wa pili akazaliwa, wa tatu, na Njoki alipofika miaka kumi na tisa akaolewa huko huko. Hakurudi darasani hata siku moja.

Mama alikaa kwangu, mtaa wa Fedha, miaka yake kumi na miwili ya mwisho. Kila mgeni aliyefika alisimuliwa hadithi ile. Nina wasichana wawili, alikuwa akisema, mmoja alikuwa mzuri wa kalamu lakini jembe lilimshinda, na huyu mdogo, mnayemwona, alikuwa na mkono wa shamba tangu utotoni, ndiyo maana nafaka inamtii. Wageni walicheka. Mimi nilimimina chai. Mara nyingine Njoki alikuwepo, amekuja na viazi na maziwa, na alicheka pia.

Mwaka wa juzi, wiki ya mwisho, Mama alikuwa amelala kwenye kitanda changu. Njoki alikuwa amekaa miguuni pake ameshika chupa ya uji. Mama alinitafuta kwa mkono, akasema kwa sauti iliyokuwa imebaki uzi tu, "Wewe hukuniangusha. Njoki nilimsamehe." Mlango ulikuwa wazi kabisa kwangu. Ningesema maneno manne. Nikasema, "Pumzika, Mama." Njoki akafunika chupa ya uji, akakaza kifuniko, akakaza tena.

Hayo ndiyo yaliyokuja puani mwangu kule Pipeline. Nilikaa nayo mwezi mzima. Kisha nikafanya kama nijuavyo kufanya, nikanunua. Nilipata ekari mbili zinazopakana na shamba la Njoki, mwenye ekari hizo alikuwa akihamia kwa mwanawe, nikalipa, nikapata hati, nikaitia kwenye mkoba nikaenda Njoro.

Nilimkuta shambani. Ana miaka karibu sabini na bado analima. Mahindi yake yamesimama mistari, udongo kati yake umefagiwa kama ua, mtu anaweza kupita na sinia kichwani asiguse jani. Alinikaribisha kwa jina la utotoni, akaniletea kigoda hapo hapo kwenye kivuli cha ghala lake, akafuta mikono kwa majani.

"Umekonda," akasema.

"Nimekuja kusema jambo."

"La shamba la reli?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi garini kutoka Naivasha.

"Wewe ulijuaje?"

"Hujawahi kuja kwangu na gari bila watoto tangu nizaliwe. Sema."

Nikasema. Nilisema yote, miche kwenye sketi, terere, treni, nilivyoomba soda. Alisikiliza akichambua maharagwe kwenye ungo, na nilipofika kwenye soda akacheka kweli kweli, akajifuta macho na mgongo wa mkono.

"Ile soda nilikuwekea," alisema. "Mwaka mzima, chini ya kitanda. Mtoto wa shangazi akaivunja."

"Kwa nini ulikubali, Njoki?"

"Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa bado unakojoa kitandani tangu Baba afe. Ungebeba mtoto wa nani? Na nilifikiri ni mwaka mmoja. Ningejua..." Akapepeta ungo. "Ningejua sijui ningefanya nini. Usiniulize."

"Nisamehe."

"Hilo la kwako na mimi lilikwisha zamani. Nilikuwa na watoto watano wa kulea, ningelibeba na mkono gani? Lakini ungemwambia Mama." Hakupandisha sauti. "Miaka kumi na miwili alikuwa nyumbani kwako. Kila siku unampikia, unamwosha miguu. Ungechagua siku moja. Amekwenda akijua alizaa mtoto mvivu, na mtoto huyo ni mimi, na nilikuwa nimekaa pale."

Nikafungua mkoba nikatoa hati, nikamwekea mapajani, juu ya maharagwe. Nikamwambia ni zile ekari mbili za jirani, zake, tutaenda kubadilisha jina.

Aliitazama bila kuishika. Kisha akaiondoa kwa ncha za vidole, kama mtu anayeondoa wadudu kwenye chakula, akanirudishia.

"Chukua. Mimi haya niliyonayo yananitosha, na mgongo wangu unajua mwisho wake."

"Njoki, nifanye nini basi?"

"Hiyo ni nusu yako," alisema, akarudi kwenye maharagwe. "Ilime mwenyewe."

Tulikula chakula cha mchana. Alinifungia viazi na maziwa ya kubeba. Tunapigiana simu, tunaongea juu ya mvua na wajukuu, na la Mama hatulitaji.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya mawe Fedha, vyumba vinne. Jengo la ghorofa sita Pipeline, na lingine dogo nyuma yake. Ghala la nafaka, mizani mbili, mashine ya kukausha. Malori mawili, moja linakwenda, moja liko kwa fundi. Watoto wanne, wote wamesoma kunipita. Na ekari mbili Njoro, kwa jina langu, misimu miwili sasa bila jembe. Njoki ananiambia majani yamefika kiunoni na yameanza kumwaga mbegu upande wake.